Fomu Niliyoitia Kwenye Droo

Msusi wangu amefariki. Nilipigiwa simu Jumanne asubuhi nikimlisha mtoto uji, nikaendelea kumlisha mpaka bakuli likaisha, maana sikujua kingine cha kufanya. Mmenizoea, wasomaji wangu, nikigomba hapa. Leo wa kugombezwa ni mimi.

Alikuwa mwanamke wa Bukavu, na saluni yake ilikuwa huku tulikokimbilia, Cato Manor. Binti yake wa pekee alikuwa anamaliza sekondari, mwenye akili kweli. Mwezi wa sita, mwaka juzi, nilikuta fomu ya chuo pale kati ya vitana na mafuta, imejazwa yote. Binti alitaka kusomea udaktari. "Dada, wewe ulisoma," msusi akaniambia. "Mwalimu anasema tutume sasa, na alama za mwaka jana. Iko sawa?" Mimi na sekondari yangu tu nikacheka. "Eish, mama! Nani anaomba chuo bila diplome ya kumaliza sekondari? Watakuona mjinga. Kwetu tulikotoka mtu anasubiri matokeo ya serikali, ndipo anaenda na karatasi mkononi." Nikaichukua ile fomu, nikaitia mwenyewe kwenye droo ya rasta.

Januari matokeo yakatoka, mazuri mno. Binti akapanga foleni chuoni siku mbili juani. Nafasi zilikuwa zimejaa tangu zamani. Rafiki yake wa darasani, mwenye alama za chini kuliko zake, aliingia, kwa kuwa aliomba mapema. Nikapiga kelele saluni nzima: wanatubagua, sisi wakimbizi si watu! Wote wakaitikia. Msusi hakuitikia, aliendelea kusuka kichwa changu, taratibu, bila kuvuta.

Hasira na vyuo bado ninayo. Mlango wa mapema ni mpana, na wanaopita ni watoto ambao wazazi wao wameshaupita. Wa Januari ni ufa tu, na hapo ndipo tunaposukumana sisi, na karatasi zetu nzuri. Hatuambiwi. Lakini huyu aliambiwa, jamani. Aliambiwa na mwalimu, akaniamini mimi.

Msibani nikamwita binti pembeni, nikamwambia: fomu yako niliizuia mimi. Akanitazama sana. "Mama alisema ni yeye. Aliniomba msamaha." Kisha akasema, "Nilimnunia mwaka mzima, tantine, hata fomu nyingine sikutaka kuiona. Mwaka mzima."

Nikauliza tarehe ya kufunga maombi ya mwaka huu: ni mwezi huu huu. Tukajaza fomu mpya palepale, watu wakiimba sebuleni. Alipofika penye jina la mzazi, kalamu ikasimama. "Niandike marehemu, ama niache wazi?"

Jibu lilinijia mdomoni upesi, kama ile siku ya saluni. Nikalimeza.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Twende tumuulize mwalimu."