Waya Chini ya Ngolo

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa kahawa hapa kwetu Kitura, nilipomwita fundi aje anisifu, naye akaja akaniokoa. Mwanangu, umeniomba ule waya uliobaki darini ili uvute umeme mpaka kwenye banda lako la vifaranga. Sikunyimi. Lakini kaa kwanza hapo kwenye kigoda unisikilize, maana waya ule una habari yake.

Nilikuwa kijana, ndoa ikiwa na miaka miwili. Umeme ulikuwa umefika nyumbani juzijuzi, na mimi nilikuwa nimesoma ufundi kidogo Songea, kiasi cha kunipa kiburi tu. Nyumba iko juu ya mteremko kama unavyoiona, na banda la kumenyea kahawa liko kule chini karibu na kijito, kwa sababu kahawa mbivu inataka maji mengi. Miaka yote tulizungusha mashine kwa mkono mpaka mabega yanakataa kuvaa shati. Nilipopata mota ya umeme ya kuizungusha nikasema sasa mke wangu, Mama Imelda, atapumzika. Nia ilikuwa njema, usicheke. Makosa mengi ya nyumbani huanza na nia njema.

Kati ya nyumba na banda kulikuwa na ngolo. Unazijua: sisi wanaume tunafyeka majani na kuyapanga miraba miraba, wanawake wanachimba katikati ya kila mraba na kuyafunika majani kwa udongo, na mteremko mzima unabaki mashimo na matuta. Basi nikafukua tuta moja baada ya jingine, nikalaza waya wa kawaida wa ndani ya nyumba, ule mweupe ulio bapa, nikaufukia. Nikapima kwa mguu, ukafika gotini. Juu nikauchomeka kwenye soketi ya sebuleni, chini nikaufunga kwenye mota. Waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, niliuacha kabisa, nikijiambia mota itazunguka hata bila huo. Na kweli ikazunguka, majirani wakaja kutazama, nami nikasimama pale mikono kiunoni.

Siku ya tatu Mama Imelda akaniambia kwamba mashine inamng'ata vidole akiishika na mikono yenye maji. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia avae kandambili. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mimi mwiba niliuona nikaudharau. Jibu lile linanitia aibu mpaka leo, na mwenyewe hunichokoza nalo, hasa wageni wakiwepo.

Sasa, kule kijiji cha Mpepai alikuwako mzee mmoja, Mzee Kasiani, fundi umeme aliyefanya kazi hiyo tangu ujana wake. Alikuwa mfupi, mpole wa maneno, na leseni yake aliiweka imekunjwa kwenye mfuko wa shati, akiwaonyesha watu kabla hawajamuuliza. Nilimwalika aje aone kazi yangu. Alipofika nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaomba maji, akanywa bila haraka. Halafu akaufuata waya kwa macho kutoka sebuleni mpaka ulipoingia ardhini.

"Umeuzika kina gani?"

"Gotini, mzee."

"Umepima kutoka wapi?"

"Juu ya tuta."

Akatoa testa ya kupimia umeme, akaijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme ili aone kama ni nzima. Akazima meni swichi ya nyumba nzima, akaijaribu testa mara ya pili palepale kuhakikisha umeme umekatika. Kisha akavua kofia yake, akaitundika juu ya swichi, na kuwaambia wote waliokuwa nyumbani kwamba asiiguse mtu mpaka arudi yeye mwenyewe. Mimi niliyekuwa nikijiita fundi nilikuwa sijawahi kufanya hata moja kati ya hayo.

Tukateremka. Mama Imelda alikuwa shambani, Imelda mgongoni, akikusanya mabua ya mahindi. Mzee akamsalimia, akamuuliza, "Mama, msimu ujao ngolo zako utazichimba wapi?"

Mke wangu akamtazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi. "Hapahapa kwenye matuta, mzee. Si shimo linahama? Tuta la mwaka huu ndilo shimo la mwakani."

"Hebu nionyeshe kwa jembe. Umeme nimeuzima."

Akamweka mtoto vizuri mgongoni, akainua jembe. Pigo la kwanza likaondoa kichwa cha tuta. La pili likafika kwenye majani yaliyooza. La tatu likatoka na waya, weupe wake umepasuka, shaba inang'aa juani.

Mama Imelda akaliangalia jembe, kisha akaniangalia mimi. Nikakaa chini, ndani ya shimo la ngolo. Niliogopa, mwanangu, naapa niliogopa. Niliwaona wote wawili, yeye na mtoto, asubuhi ya msimu ujao, mimi nikiwa sebuleni nimewasha redio.

Nilingoja kutukanwa. Mzee Kasiani akaniinamia tu, akasema, "Kijana, ulipima udongo wa kuazima. Mkeo ndiye anayeupandisha na ndiye anayeushusha. Ukitaka kuzika waya, muulize kwanza anayeshika jembe." Basi. Hakwenda kulitangaza kanisani wala sokoni. Nimewajua watu wengi wenye ujuzi, lakini mwenye ujuzi asiyemdhalilisha mjinga nimemjua huyo mmoja, na nampenda mpaka kesho.

Wiki iliyofuata alinichimbisha upya, pembeni ya njia tunayopita kila siku, ambako hakuna atakayelima. Kina kilifika nusu ya paja, na akapima kutoka kwenye ardhi iliyotulia. Tukamwaga mchanga, tukalaza waya maalumu wa ardhini wenye ngao ya chuma, mchanga tena, matofali, halafu utepe wa rangi juu yake ili jembe likutane na onyo kabla ya umeme. Banda likapata breka yake yenyewe, inayojizima umeme ukizidi, pamoja na kile kifaa kinachokata umeme mara tu unapovuja. Ethi aliifunga kwa mkono wake, akaipima mara mbili. Mwisho akachora njia ya waya kwa rangi nyuma ya mlango wa banda. Nikamuuliza mchoro wa nini, maana njia naijua. Akasema, "Wewe hutaishi milele." Mashine ile haijamng'ata mtu tena, na Mama Imelda ndiye huyu unayemsikia akipepeta maharage.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Usivute umeme wa banda kutoka soketi ya sebuleni, wala usiifanye kazi hiyo mwenyewe kwa sababu umeona mwenzako kafanya. Kuuliza si ujinga. Mtafute fundi mwenye leseni, na akikwambia ethi haina haja, msindikize mpaka njiani. Mtu wa nyumbani akisema kitu kinamng'ata, zima kwanza, ubishi baadaye. Na kabla fundi hajagusa ardhi, mkeo anayelima mboga pale uani awatangulie, awaonyeshe jembe lake linapita wapi.

Waya ulioniomba ni huu, chukua. Shika hapa, papase kwa kidole. Hapo ndipo jembe lilipopita. Sikupi ukaupitishie umeme. Utundike kwenye msumari karibu na meni swichi, na kofia yako kando yake.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, avikuze vifaranga vyako, na kila jembe litakaloinuliwa uani kwako likutane na udongo tu.