Kilo za Sangara Zilizozidi

Mtu akiniambia kompyuta haidanganyi, hadi leo nakasirika. Haidanganyi, sawa, lakini inamtii hata mjinga, na katika miaka ile ya tisini mjinga nilikuwa mimi.

Nilikuwa karani wa kompyuta katika kiwanda cha minofu ya sangara, ufukweni kule Ilemela. Bosi alitaka ripoti ya kilo kwa kila mwalo, yaani kila mahali mitumbwi inaposhushia samaki. Nilikuwa na majedwali mawili. La mapokezi lilionyesha namba ya mtumbwi na kilo zilizopimwa getini. La mitumbwi lilionyesha namba na mwalo wake. Nikayaunganisha kwa namba, nikaiamuru kompyuta ipange kwa mwalo na kujumlisha. Jumla ikazidi samaki walioingia chumba cha barafu kwa karibu tani mbili.

Nilikimbilia kwa bosi na ile karatasi, tena nikajisifu mbele ya wenzangu. Bosi hakuuliza mara mbili. Samaki wamepimwa, ndani hawakufika, basi mwizi ni mpimaji. Mpimaji alikuwa mzee mmoja wa Ukerewe, mtu wa maneno machache. Aliondolewa kwenye mizani siku hiyohiyo, akapewa koleo la kupakia mapanki, yale mifupa yanayobaki minofu ikishatolewa, akaambiwa Jumamosi ndiyo mwisho wake.

Kila nikipita nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba bila kinyongo. Hilo liliniudhi kuliko matusi. Nikarudia hesabu siku tatu, jumla ikatoka ileile, nikaipiga meza makofi.

Alhamisi nikabadili swali. Badala ya kilo, nikaitaka kompyuta ihesabu mizigo ya kila mtumbwi. Mtumbwi mmoja ulikuwa na mizigo minane. Kwenye daftari la mzee ilikuwa minne. Nikafungua jedwali la mitumbwi, nikaukuta umeandikwa mara mbili, kwenye mialo miwili. Wavuvi wetu huhama kumfuata samaki, na kila wahamiapo karani wa mwalo huwaandikisha upya. Kule walikotoka hawafutwi, maana watarudi. Kila mzigo wao ulikuwa umeungana na mialo yote miwili na kujumlishwa mara mbili. Ningejumlisha jedwali la mapokezi peke yake, ningeliona hilo siku ya kwanza. Nilijichukia.

Nikachapa ripoti mpya, nikashuka nayo hadi kwenye rundo la mapanki, nikamweleza mzee kosa langu lote kwa sauti ya chini. Alisikiliza mpaka mwisho, lakini karatasi hakuipokea.

“Ile ya kwanza ulimpelekea bosi mbio, watu wote wanaona,” akasema. “Hii mbona unaniletea mimi huku nyuma?”

Akaokota koleo lake.

“Mimi najua kwamba sikuiba, binti. Kamwambie asiyejua.”