Ekzosi ya bei chee

"Bomba halikai hili! Matundu yako huku, bolti ziko kule!" Mume wangu alimfokea fundi kana kwamba ndiye aliyelinunua.

"Bosi, ekzosi ya bei chee umeileta mwenyewe. Niachie niyapanue matundu kwa tupa, kesho uchukue gari."

Kesho ilikuwa mbali. Saa moja baadaye alitakiwa kubeba wafanyakazi wa kiwandani, la sivyo kazi apewe mwingine. Ubishi wake naujua, nimelala nao miaka ishirini. Alinyakua spana, akakaza bolti zinazoingia kwenye kichwa cha injini kwa nguvu, ili bomba lijivute. Kichwa cha injini kikapasuka.

Akakaa chini kwenye oili. Kazi ndiyo hiyo imekwenda, na gari nalo.

"Unanidai pesa ya kufungua bomba la zamani," alisema mwishowe.

"Nimesamehe, kaka. Nenda nyumbani."