Nyota Wangu Aliondoka Saa Tisa

Sijawahi kupenda hoki ya barafu. Watu wazima wanakimbizana na kitu cheusi ambacho mimi hata kwenye televisheni sikioni. Lakini jikoni kazini kwetu, mgahawa mmoja wa Kista, Stockholm, tuligombania likizo ya Julai kila mwaka, mpaka meneja akaamua tucheze mchezo wa hoki kwenye simu: kila mtu na timu yake ya kubuni, wachezaji wa kweli, na wakifunga kwenye ligi wewe unapata pointi. Atakayeongoza msimu ukiisha atachagua wiki zake kwanza. Nafasi ya Julai ilikuwa moja, na mdogo wangu alikuwa anaolewa Bukavu mwezi huo. Basi nikaipenda hoki.

Kwa bahati nilipata mchezaji nyota. Kufikia Machi nilikuwa wa pili, nyuma ya mpishi mkuu, na mpishi mkuu alimtaka nyota wangu kama mjamzito anavyotaka udongo. Soko la kubadilishana wachezaji lilikuwa lifungwe Ijumaa saa tisa. Mimi nimekulia kwenye meza ya mama yangu sokoni. Najua mteja mwenye hamu hupanda mwenyewe ukinyamaza. Alhamisi alitoa ofa ya beki mmoja. Nilijua muda ukikaribia kwisha ataongeza golikipa wake, na bila golikipa yule hana timu.

Tatizo, kazini simu hufungiwa kabatini mpaka saa kumi, isipokuwa ya mpishi mkuu. Nikamwachia mume wangu simu nyumbani Sundbyberg, nikamwambia polepole, kama anayefundisha sala: saa tisa kamili, kubali ofa yoyote itakayokuwepo.

Mume wangu ni wa Lubumbashi. Kwao saa husomwa kama mshale unavyoonyesha. Penye tisa ni tisa. Kwetu Bukavu hiyo ni saa tatu asubuhi, na tisa ni alasiri. Miaka kumi na moja ya ndoa tumetafsiriana kila miadi. Siku ile nikasahau.

Saa nne asubuhi mpishi mkuu alikuja kwenye sinki kunishukuru. Alisema golikipa alikuwa tayari kumtoa, ila mimi nimekubali beki mapema. Nikaosha sufuria moja mara tatu.

"Ulisema saa tisa," mume wangu akaniambia jioni, akibonyeza kidole hewani. "Njo saa tisa nilifinya."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Sahani yake niliiweka mezani kwa kishindo mpaka Jumapili, nikaacha kwa sababu ya kanisa tu.

Nyota akamfungia mpishi mkuu mabao mpaka mwisho wa msimu. Nilimaliza wa pili. Mpishi mkuu alichukua Julai akaenda kwenye nyumba ya mbao kando ya ziwa, ambako mvua ilinyesha. Nilifurahi, nakiri.

Harusi ilibidi niitazame kwenye simu. Mdogo wangu alisema itaanza saa tisa, na Julai saa za Bukavu na Stockholm ni moja. Jumamosi ile niliamka saa tatu asubuhi nikamkuta mume wangu sebuleni, kavaa suti na tai, simu kaiegemeza kwenye chupa ya maji. Nikamkumbusha kwamba harusi ni alasiri.

"Najua," akasema. "Lakini leo siwezi kukosea. Niko tayari kwa saa tisa zote mbili."

Tai hakuivua. Mdogo wangu alipoingia kanisani nililia mpaka sikuona kioo cha simu, ikabidi mume wangu anisimulie.