Mpangaji na Zamu ya Jumatatu

Wauguzi wa idara ya dharura walimwita Sista Penseli, maana ratiba ya zamu aliiandika kwa penseli, akijua fika kwamba wiki haiishi bila mmoja kuumwa na mwingine kufiwa. Miaka ishirini na miwili alikuwa amesimama kwenye sakafu ile, kumi na mmoja ya mwisho akiwa mgawa zamu. Alikuwa mkavu, hana subira na wajinga, na wajinga kwake walikuwa wengi: metroni aliyesaini lolote lenye muhuri, madaktari vijana waliovaa kipimo cha moyo shingoni hata wakienda kula. Lakini dharau yake iliyonona alimwekea mume wa mdogo wake.

Shemeji huyo alikuwa mpangaji wa watumishi katika ofisi kuu ya afya. Kazi yake ilikuwa kusema hospitali ipi ipewe wauguzi wangapi. Kidonda hajawahi kukifunga. Mwanawe akichubuka goti, humwita mkewe.

Alikuja idarani asubuhi tatu, Jumanne hadi Alhamisi, akasimama kando ya nguzo na simu yake ikihesabu dakika. Muuguzi aliyeketi kuandika faili, akamhesabu amepumzika. Aliyempeleka mgonjwa eksirei, akamwandika hayupo kazini. Baada ya wiki mbili ripoti ikatoka, ina jalada gumu na michoro ya rangi: wastani ni wagonjwa wanne kwa saa, basi zamu ya mchana ishuke kutoka wauguzi wanane hadi watano.

Kikaoni, metroni alikwisha kukubali kwa kichwa kabla ukurasa wa pili haujafunguliwa. Sista Penseli aliuliza kwa nini hawakuhesabiwa watu wa Jumatatu, siku ambayo waliojiuguza nyumbani tangu Ijumaa hufika wote kwa mkupuo. Shemeji akamweleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba Jumatatu ingeharibu wastani.

"Shemeji," Sista Penseli akasema, "huyo Wastani sijawahi kumpokea hapa anatapika. Mimi napokea watu."

Wauguzi wakaanza kumwita Bwana Wastani, lakini ripoti ilipita vilevile.

Sista Penseli hakugoma. Alipanga watano kama alivyoagizwa, akijihesabu na yeye, kisha akaandika barua ya adabu tele, nakala kwa mganga mkuu, kumwomba mtaalamu huyo wa ripoti aje aone mpango wake ukifanya kazi. Jumatatu, saa nane mchana. Kukataa kungekuwa aibu.

Alikuja na shati jeupe lililonyooshwa. Ilipofika saa tisa, benchi lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Muuguzi mmoja alikuwa eksirei na mgonjwa wa kiharusi. Wawili walikuwa na mtoto wa degedege, mmoja akimshika, mwenzake akitafuta mshipa. Wa nne alikuwa amekandamiza jeraha la paja la fundi aliyeanguka kutoka ghorofani, na mkono hawezi kuutoa. Akabaki Sista Penseli na benchi zima.

Akaletwa mzee aliyeishiwa maji kwa kuhara. Stendi za dripu zilikuwa zimekwisha. Sista akamwekea dripu, akamkabidhi shemeji yake chupa.

"Shika. Juu zaidi," akamwambia, akaenda zake.

Dakika arobaini. Mkono mmoja umeinua chupa, mwingine unamzuia mzee asidondoke kwenye machela. Simu ya kuhesabia iko mfukoni, haifikiki. Mkono ulipochoka akaushusha, na damu ya mzee ikaanza kurudi kwenye mpira. Mzee akafumbua macho, akamuuliza kama ni muuguzi.

"Mimi ni mpangaji."

"Basi panga mkono juu, mwanangu. Damu yangu inatoka."

Shemeji aliita nesi mara nne. Sista Penseli alimsikia zote nne. Ya kwanza ilimfurahisha. Ya nne haikumfurahisha tena, kwa sababu mwanamke mmoja mwisho wa benchi, aliyekuwa ameinama akishika ubavu, alipofikiwa alikuwa amekwisha kuzimia. Alipona yule mama. Lakini siku ile Sista alirudi nyumbani akijidharau kidogo na yeye, jambo ambalo hakulizoea.

Mwezi uliofuata ikatoka ripoti mpya: wauguzi tisa Jumatatu mchana, wanane siku nyingine. Jalada lilisema ni matokeo ya uchunguzi wa kina wa mpangaji mwenyewe, na hospitali nyingine zikaanza kumwalika akazielimishe.

Jumapili, mezani kwa mdogo wake, shemeji alizungumza tangu sahani ya kwanza hadi ya mwisho. Alimfafanulia Sista Penseli kwamba muuguzi anayesindikiza mgonjwa eksirei ni lazima ahesabiwe kuwa yuko kazini. Sista aliendelea kula.

"Dada, si umpongeze basi," mdogo wake akamnong'oneza.

"Mpe maji," akasema. "Amesema sana."

Kesho yake alipanga majina tisa. Hakumshukuru mtu.