Bernadeta na Mdomo wa Hewa ya Moto

King'ora cha asubuhi kimeshalia na Bernadeta Leonardi amekwishaketi. Mbele yake uso wa redio umelazwa kifudifudi. Mgongoni una vijiti vya plastiki, kila kimoja na unene wa njiti ya kiberiti. Anaupachika wavu wa spika juu yake, kila kijiti kikitokeza kwenye tundu lake, kisha anasogeza bomba jembamba linalopuliza hewa ya moto. Midomo yake inaanza kucheza.

"Mtoni... Mbagala... Kongowe... Vikindu... Mkuranga."

Hapo anavuta mkono wa mashine. Chuma baridi kinashuka na kukikandamiza kijiti kilicholainika hadi kinafanya kichwa kama cha msumari. Anakishikilia kigande, anainua, anahamia kingine. Vijiti vikiisha, wavu umeshikwa na uso wa redio bila gundi wala skrubu.

Kwenye mashine ya pili, karibu na mlango, mwenzake Somoe Mpate bado yuko safarini. Mashine yake haina nguvu, kwa hiyo yeye hawezi kuishia Mkuranga. Anapita Kimanzichana, anapita Kibiti, mpaka Ikwiriri ndipo anakandamiza.

Mgeni anayeingia katika kiwanda hiki cha redio, eneo la viwanda la Chang'ombe, anaweza kudhani kina mama hawa wanataniana. Hawataniani. Saa ya kupimia moto kwenye mashine zote mbili ilikufa zamani, nyingine haijapatikana kwa sababu ya uhaba wa fedha za kigeni, na barabara ya kwenda kusini, kituo kwa kituo, ndiyo saa waliyobaki nayo.

Leo, hata hivyo, kazi yao haipimwi mezani. Alfajiri lori la kiwanda limeondoka na redio zilizopita mikononi mwao, limekwenda Mkuranga na litarudi kwa njia ileile, pamoja na mashimo yake yote. Vichwa vya plastiki vikivunjika, benchi la hewa ya moto litafungwa na Bernadeta atarudishwa chumba cha gundi.

"Huko sirudi," anasema, macho yakiwa kwenye kijiti. "Kifua changu kilishakataa. Wakinirudisha gundi, mie naacha kazi."

Si maneno mepesi kwa mama wa watoto watatu, ambaye wenzake humwita Mama Fransis. Bernadeta, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, alizaliwa karibu na Ndanda na kuja mjini na mumewe, Albano, mchonga vinyago. Wanaishi Tandika kwenye chumba kimoja na ukumbi wa kuazima. Vinyago vya Albano hununuliwa watalii wanapokuja, na watalii huja wanapojisikia. Mshahara wa Bernadeta, shilingi mia tatu na themanini kwa mwezi, ndio unaojulikana tarehe yake.

Alianzia chumba cha gundi. Huko wavu hupakwa, hubandikwa na kuwekewa kitu kizito mpaka ukauke, na madirisha hufungwa ili vumbi lisiingie. Mwaka wa pili alianza kukohoa usiku. Mganga wa zahanati alimwambia aikimbie harufu ile.

"Nilikuwa nikipanda kitanda nahema utadhani nimepanda mlima," anasema. "Mume wangu akawa anakaa macho ananisikiliza. Kesho yake mtu huyo ashike patasi, atachonga nini?"

Mashine mbili za hewa ya moto zilipoletwa, aliomba kuhamia huko kabla hata hajajua zinafanya nini. Kikohozi kilimwachia taratibu. Wakati huo alikaa kwenye mashine ya mlangoni, ile dhaifu, na Somoe, binti wa Rufiji, akakaa kwenye ile kali ya dirishani. Saa zilipokufa, kila mmoja alijitafutia kipimo chake kimoyomoyo.

Bernadeta, Mkatoliki wa kulelewa na masista, alisali Salamu Maria moja kwa kila kijiti. Somoe alisoma Kulhuwallahu. Sala ya Bernadeta ni ndefu kidogo, na mashine yake ilihitaji muda mrefu. Sura ya Somoe ni fupi, na mashine yake ilikuwa na haraka. Vichwa vilitoka vizuri, wasimamizi wakasifu, na hakuna aliyejua kwamba kiwanda cha umma kinaendeshwa kwa dini mbili.

Kisha Somoe akajifungua. Aliporudi kazini aliomba mashine ya mlangoni, kwa kuwa mama yake humleta mtoto getini anyonye. Bernadeta akampisha bila mjadala. Walibadilishana viti, lakini kila mmoja alihama na sala yake.

Matokeo yalionekana baada ya miezi kadhaa, vijijini, ambako vikundi vya wasikilizaji vilikuwa vinazisubiri redio hizo kwa ajili ya masomo. Zilianza kurudi. Nyavu zilikuwa zimeng'oka zinacheza ndani, na redio zinakoroma kama mtu mwenye mafua. Vichwa vya dirishani vilikuwa vimeungua na kuwa vikavu. Vya mlangoni vilikandamizwa kabla havijalainika, vikapasuka shinani.

Kwa muda wote huo wawili hao walikula chakula cha mchana pamoja.

"Nilimwona midomo inacheza, nikajua anasali," anasema Somoe. "Sasa nitamwulizaje Mama Fransis anamwomba nini Mungu wake? Ni adabu hiyo?"

"Na mie nilimwona," Bernadeta anadakia. "Nikasema moyoni, afadhali nimekaa na mcha Mungu. Kumbe tunaharibu redio za watu!"

Wanacheka wote wawili, ingawa siku ile hakuna aliyecheka. Redio za kwanza zilipomwagwa mezani, Somoe alilia, na katika kulia akataja anachosoma. Bernadeta akataja chake. Ndipo wakakaa kutafuta kitu ambacho si cha kanisani wala msikitini, wakaiona barabara inayowapeleka wote kwao. Walijaribu vituo kwenye vipande vibovu mpaka wakajua kila mashine inashuka wapi.

Ndugu Ansbert, meneja wa uzalishaji, alikwishaisikia habari hiyo. Hakuicheka, ila haikumtosha.

"Sina ugomvi na Mama Bernadeta," anasema, akiangalia lango. "Lakini mwanakijiji amechangia redio hii. Ikifika kwake uso umeachia, hataulizia kituo cha Mkuranga. Gundi ina ubaya wake, najua, lakini inashika."

Lori linaingia baada ya chakula cha mchana, jekundu kwa vumbi. Redio zinapangwa mezani, za dirishani upande mmoja na za mlangoni upande mwingine. Ndugu Ansbert anaziinua moja moja, anatikisa, anasikiliza, anafungua mgongo na kuuvuta wavu kwa vidole. Benchi zima limesimama. Bernadeta amejifunga khanga kiunoni, ameifunga tena, na sasa anaifungua.

Za dirishani zote zimeshika. Meneja anavuta mpaka vidole vinaingia alama, na wavu hautikisiki.

Za mlangoni nyingine zimeshika, nyingine hazikushika. Katika redio moja wavu umeanguka kabisa. Kosa si la Somoe, na meneja mwenyewe anasema hivyo. Waya wa moto ndani ya mashine ile umechoka. Siku umeme unapopungua, hata kama anayetaja vituo angefika Lindi, kijiti kingekuwa bado kigumu.

Uamuzi unatolewa palepale. Mashine ya dirishani itaendelea, na atakaa Bernadeta kwa kuwa ndiye wa siku nyingi. Mashine ya mlangoni itafungwa. Somoe ataanza kesho chumba cha gundi.

Bernadeta amepata alichokuwa anakiomba tangu alfajiri. Uso wake hauonyeshi hivyo. Somoe anaangalia saa ya ukutani, kwa sababu mtoto karibu ataletwa getini, na anaanza kukusanya vitu vyake, kikombe na kitambaa.

"Ndugu Meneja," Bernadeta anasema. "Huyu ananyonyesha."

"Nafahamu, Mama. Lakini mashine ni moja."

"Ni moja, lakini siku ina asubuhi na ina jioni. Akae yeye asubuhi, nikae mie jioni. Redio zitatoka zilezile, na gundini haendi mtu."

Meneja anamkumbusha kwamba zamu ya jioni inaisha usiku, na kutoka hapa mpaka Tandika basi la saa hizo ni la kubahatisha. Bernadeta anajibu kwamba miguu anayo. Meneja anamwuliza kama amezungumza na mumewe.

"Nitazungumza naye nikishakubaliwa."

Watu wanaguna. Ndugu Ansbert anakuna shingo, anatazama redio iliyoangusha wavu, anamtazama Somoe. Anasema wajaribu mwezi mmoja. Somoe anarudisha kikombe mezani.

Wenzake wanapotawanyika, Bernadeta anabaki kwenye kiti. Mwandishi wa habari hizi anamwuliza kama amefurahi.

"Naogopa," anasema waziwazi. "Mashine zilipokuwa mbili, ikifa moja anaumia mmoja. Sasa tuko wawili kwenye mdomo mmoja wa hewa. Huu ukifa, tunakwenda gundini pamoja, mie na kifua changu, yeye na maziwa yake."

Kwa hiyo ameshapanga. Mtaa wa Keko yuko fundi anayesuka upya waya za pasi na majiko ya umeme, na kwa maelezo yake waya wa mashine hauna tofauti kubwa. Bernadeta anataka kumleta Jumamosi aifungue mashine ya mlangoni. Alipomtajia meneja, hakukubali wala kukataa. Alisema fundi wa mtaani haingii kiwandani bila kibali, na kibali kinatoka ofisi kuu, na ofisi kuu haina haraka.

"Kwa hiyo utafanyaje?"

Bernadeta anafuta meza kwa kiganja na kuchukua uso mwingine wa redio.

"Jumamosi asubuhi nitakuwa getini na fundi wangu na mfuko wake wa waya. Wakitaka kutukatalia, watukatalie tumeshafika."