Siku Mama Matawi alipoliondoa jina la ‘majaribio’

Jumamosi, tarehe nane Machi. Manyunyu yalianza kabla ya mapambazuko na hayana haraka ya kuisha. Barabara inang'aa, mifereji inabubujika, na wapita njia wachache wamejifunika mifuko ya plastiki kichwani.

Ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani, taa zinawaka. Mwanamke wa miaka arobaini na mitano anapita meza moja hadi nyingine akitazama vikombe vya chai. Hatafuti vichafu. Anatafuta vilivyosimama.

"Hiki bado kinanitazama," anasema, akigusa ukingo wa kikombe cha bluu. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Niko hapa, Mama. Dakika moja tu."

"Dakika yako naijua, kaka. Ina watoto na wajukuu."

Ofisi nzima inacheka. Mwanamume mwenye kikombe anabonyeza kompyuta yake mara kadhaa, anamalizia chai kwa mkupuo mmoja, kisha anakipindua kikombe mezani, mdomo chini.

Huo ndio utaratibu wa ofisi hii, na aliyeuanzisha ni yeye. Kikombe kilichopinduliwa maana yake mwenye meza ameshapeleka kazi yake yote kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya ofisi, na hakuna alichobaki nacho mkononi. Zamani aliuliza kwa maneno tu, akaona haifai.

"Mdomo husema tayari kwa mazoea," anaeleza. "Kikombe hakidanganyi. Chai haijaisha, haijaisha."

Wenzake wanamwita Mama Matawi. Ofisi yao inatengeneza programu inayowakumbusha kina mama, kwa ujumbe wa simu, siku ya kuwapeleka watoto kuchanjwa. Programu ni maandishi marefu, na waandishi wake ni wengi. Ili wasikanyagane, kila mmoja huchukua nakala yake, akafanya kazi humo, na ikishakaguliwa hurudishwa kwenye ile kuu. Nakala hizo huitwa matawi, na kila tawi lina jina.

Kazi yake ni kuyatunza matawi hayo: kujua lipi hai na lipi limekauka, lipi la nani, na kuyabadilisha majina yale yanayopotosha watu. Na majina ya kupotosha hayakosekani. Kuna tawi liitwalo "mwisho", jingine "mwisho-kabisa", na jingine "mwisho-wa-kweli-sasa". Kuna moja limeandikwa "usiguse", na hakuna anayekumbuka nani alikataza wala kwa nini.

"Mume wangu ni fundi bomba," anasema akitabasamu. "Siku ya kwanza nilipomweleza aliniuliza, 'Kwa hiyo mke wangu, unalipwa kwa kubadilisha majina? Na langu utalibadilisha lini?'"

Hakuanzia kwenye kompyuta. Kwa miaka tisa alifanya kazi kwa dobi, akibandika vibandiko kwenye nguo za wateja. Mvuke ulimchubua vidole, na nusu ya mshahara ilikwenda kwenye kodi ya chumba kimoja. Lakini anasema huko ndiko alikojifunza anachokifanya leo.

"Kibandiko kikikosewa, suruali ya bwana harusi inakwenda kwa mwalimu wa hesabu. Suruali haina kosa. Dobi kaifua vizuri, kaipiga pasi vizuri. Kosa ni la kibandiko, lakini bwana harusi ndiye atakayefedheheka."

Akiwa na miaka thelathini na tisa alijiandikisha madarasa ya jioni. Alifika darasani akinuka sabuni, akakaa safu ya mbele kwa sababu ya macho, na kila somo alilianza kwa sala fupi chini ya pumzi. Wanafunzi wenzake wangeweza kuwa wanawe. Walimtania, kisha wakamzoea, kisha wakaanza kumwomba awaamshe kwa simu siku za mtihani.

Sala ile bado anayo. Kabla ya kugusa kazi ya mtu mwingine, hufumba macho na kusema, "Mungu, nisaidie nisipoteze cha mtu."

Leo anaihitaji kuliko siku zote, kwa sababu leo anabadilisha jina la tawi kuu lenyewe.

Jina hilo lina historia. Mkurugenzi wa ofisi hii aliianza programu peke yake, kwenye meza ya kulia chakula nyumbani kwake, na kwa kuwa hakuwa na hakika kama itafika popote, nakala yake ya kwanza aliiita "majaribio". Programu ikafika. Leo inahudumia vituo kumi na saba na kina mama zaidi ya elfu mbili, lakini jina halikubadilika. Kila anayeajiriwa huambiwa kwa mdomo, "Ukiona majaribio, si majaribio. Ndiyo yenyewe. Ukiweka kitu humo, kesho asubuhi kiko kwenye simu za watu."

Kuambiwa kwa mdomo kuna siku yake ya kusahaulika. Mwaka jana fundi mmoja wa programu, mtu mzima na mcheshi, alirudi kazini baada ya kuugua malaria. Alitaka kuona kama njia mpya ya kutuma ujumbe inafanya kazi. Akaandika maneno ya mchezo, akatafuta mahali pa kujaribia, akaona palipoandikwa "majaribio".

Kesho yake alfajiri, mamia ya kina mama walisoma kwenye simu zao: "Shangazi, njoo na kuku wawili. Mmoja awe mnene."

Muuguzi mkuu wa kituo kimojawapo ndiye aliyepiga simu. "Jamani, nyie watu wa kompyuta," alisema, "hapa nje nina wateja watatu na kuku sita. Nifanye nini?"

Tangu siku hiyo fundi yule anaitwa Kuku, na ameukubali wito wake. "Mke wangu hajapika kuku mpaka leo," anasema. "Anasema ni kula ndugu."

Lakini wapo ambao hawakucheka. Watoto waliopaswa kuchanjwa asubuhi ile hawakuletwa, kwa sababu mama zao walipata habari za kuku badala ya habari za sindano. Iliwachukua wauguzi wiki kadhaa kuwapata wote, nyumba kwa nyumba.

Mama Matawi hakuusahau mzunguko huo. Alimfuata mkurugenzi mara ya kwanza, akaambiwa kinachofanya kazi hakiguswi. Akarudi, akaambiwa asubiri. Mara ya tatu alikwenda na hoja moja tu. "Mzee," alimwambia, "Kuku hakukosea njia. Alifuata kibao. Kibao ndicho kinachodanganya."

Mkurugenzi alikubali, kwa sharti. Jumatatu ndiyo siku yenye kina mama wengi kuliko zote. Ujumbe wa Jumatatu usipofika, jina la zamani litarudi na mjadala utafungwa daima. Na atakayewaeleza wauguzi ni yeye Mama Matawi.

Basi asubuhi hii vikombe vyote vimepinduliwa. Anakaa. Anafumba macho, midomo inatikisika kidogo. Kisha vidole vinaanza kazi.

Analiita tawi kuu "shina". Anaelekeza mtambo unaotuma ujumbe usome kwenye "shina", si kwingine. Analifuta jina la zamani kwenye seva. Halafu anazunguka tena meza kwa meza, kila mmoja akibadilisha kwenye kompyuta yake, kwa sababu jina lililobadilishwa kwenye seva peke yake ni sawa na mtu aliyehama nyumba bila kuwaaga majirani: barua zitaendelea kwenda kule kule.

Wanapiga makofi. Kuku anatangaza kwamba maziko ya majaribio yamefanyika na marehemu hakuacha deni. Mtu anakwenda kuchemsha maji ya chai.

Ni katika furaha hiyo Mama Matawi anapotazama orodha ya matawi kwa mara nyingine, kama mtu anayerudi kuhakikisha amefunga mlango. Anaacha kutabasamu.

Jina "majaribio" limerudi.

"Si tumezika?" Kuku anauliza, akiinama juu ya bega lake.

"Limefufuka."

"Basi lifute tena, dada. Hayo ni mabaki tu. Futa tukanywe chai."

Kidole chake kiko juu ya kitufe. Vikombe vyote ameviona kwa macho yake. Hakuna aliyebaki. Yamkini ni mabaki kweli.

"Kwa dobi," anasema polepole, "nguo isiyo na mwenyewe hatukuitupa kabla ya kukagua mifuko."

Analifungua. Ndani, juu ya kazi yote ya jana, kuna mstari mmoja mpya, wa leo hii. Mtu amebadilisha maelekezo ya kituo kimoja: badala ya jengo la zamani, kina mama waende jengo jipya lenye mlango wa kijani, kuanzia Jumatatu.

Angefuta, mstari ule ungetoweka kwenye seva, na mtambo usingeuona kamwe. Jumatatu asubuhi kina mama wangesimama na watoto mgongoni mbele ya mlango wenye kufuli.

"Nani kaandika?" Kuku ananong'ona.

Mama Matawi anageuka. Anatazama mwisho wa korido, kwenye mlango uliofungwa. Ni mlango mmoja tu ambao hakuugonga asubuhi ya leo. Hakusahau. Aliona si adabu kumwendea mkubwa kama mtoto wa shule na kumwambia apindue kikombe.

"Heshima yangu," anasema, akisimama, "ilitaka kutuponza."

Anachukua kikombe chake mwenyewe na kwenda kugonga.

Mkurugenzi ni mtu wa mvi, mwenye miwani mbili: moja usoni, nyingine kichwani. Bado hupenda kuandika mstari mmoja mmoja wa programu. Anasema usipooka mkate mwenyewe utasahau joto la jiko.

"Samahani, mzee. Umepeleka kitu sasa hivi?"

"Ndiyo. Muuguzi mkuu, yule wa kuku, alinipigia jana jioni, wamehamia jengo jipya. Nimeweka kama ninavyoweka siku zote." Anatua. Anamtazama, anaitazama kompyuta yake. "Aa. Majaribio."

"Majaribio, mzee. Kompyuta yako bado ina jina la zamani; ulipopeleka, seva ikalizaa upya."

"Mbona vikombe vyote mmekagua na changu hamkukagua?"

"Niliona haya."

Mkurugenzi anavua miwani ya usoni na kuifuta. Jina lile alilitoa yeye, kwenye meza ya chakula, mkewe akiwa bado hai na akimwambia kila usiku azime taa alale. Mama Matawi anajua hivyo, kwa hiyo haharakishi.

"Mama," anasema hatimaye, "haya yako ingewafungia watu mlango. Siku nyingine niulize kama wengine. Sasa nionyeshe nibonyeze wapi."

Mama Matawi anavuta kiti. Kwanza wanaupeleka ule mstari mmoja kwenye "shina", na wanahakikisha wote wawili kwamba umefika. Kisha jina linabadilishwa kwenye kompyuta yake. La mwisho ni kulifuta lile la zamani kwenye seva, na hapo Mama Matawi anaondoa mkono wake.

"Hilo ulifute wewe, mzee. Ni lako."

Anafuta. Kisha, kwa heshima yote ya cheo chake, anakipindua kikombe mezani. Amesahau kwamba kina chai. Inamwagika juu ya karatasi, juu ya suruali, mpaka kwenye zulia, na kicheko kinacholipuka kutoka koridoni, ambako ofisi nzima imesimama ikisikiliza, kinasikika hadi duka la miwani.

"Suruali hiyo niletee," Mama Matawi anasema, akifuta meza kwa kitambaa. "Kwa dobi bado wananijua."

Jumatatu. Mvua imekatika, anga limeoshwa. Mama Matawi amefika kituoni mapema, peke yake, na ameketi kwenye benchi jipya mbele ya mlango wa kijani. Benchi ni refu, na liko tupu.

"Hujalala?" anauliza muuguzi mkuu, akifungua madirisha.

"Nimelala kidogo. Nimeomba zaidi."

Anatazama lango. Mfagizi anapita. Paka anapita. Kwa muda hapiti mwingine, naye ameshika vidole vyake kama mtu anayevipasha moto.

Kisha mwanamke mmoja anaingia, mtoto mgongoni na simu mkononi, akisoma huku anatembea. Anaangalia simu, anauangalia mlango, anaketi. Nyuma yake wanakuja wawili wakizozana kwa furaha kuhusu nani katangulia. Baada yao wengine, na wengine, mpaka anayefika sasa anawaambia wenzake wasogee.

Muuguzi anamtambua yule wa kwanza. "Wewe! Leo kuku wako wapi?"

"Leo sijaambiwa kuku," mwanamke anajibu, na benchi zima linaangua kicheko. "Nimeambiwa jengo jipya, mlango wa kijani. Nilileta wawili siku ile, dada yangu, na mmoja nilimkopa kwa wifi."

Mama Matawi anajitambulisha: ni wa ofisi ileile iliyotuma ujumbe wa kuku. Anaeleza kwa kifupi habari ya jina lililodanganya, na lililoondolewa juzi. Anasema bado yapo mengine, na atayapitia yote moja baada ya jingine, akianza na "usiguse". Akimaliza, ana nia ya kurudi kwenye yale madarasa ya jioni, safari hii akiwa mwalimu, awafundishe wanaokuja na mikono iliyochoka.

Mwanamke anamsikiliza mpaka mwisho, akimpigapiga mtoto mgongoni.

"Hayo ya matawi siyajui," anasema. "Ila siku ile mwanangu alikosa sindano yake. Nataka uniambie haitatokea tena."

"Simama useme kwa sauti," muuguzi anadakia kutoka mlangoni. "Sote hapa ni mashahidi."

Mama Matawi anasimama.

"Naahidi mbele yenu, na mbele za Mungu anayesikia," anasema. "Jina linalodanganya sitaliacha lilale ofisini kwetu nikiwa naliona. Na kila nitakapobadilisha, nitakagua vikombe vyote, na nitaanza na cha mkubwa."